Pembe ya Kweli Hunuka

Sindano bado imo mkononi mwa Fundi Pembe, wasomaji wangu, na ncha yake bado ni nyekundu. Hatujaisogeza tangu tulipoachana. Juu ya meza ya kazi ipo bangili nyeusi ya mwalimu, ile aliyoileta kwa sababu shaba yake inabanduka na mkono unamwasha.

Fundi akaichoma.

Aliyewahi kukaa karibu na karakana ya pembe anajua kinachotakiwa kutokea hapo. Pembe ikichomwa hunuka nywele zilizoungua. Hunuka kwato, hunuka machinjioni, hunuka mpaka paka wa jirani anahama. Ndiyo maana Fundi hana wageni wa kupiga nao soga, na ndiyo maana mume wake humtaka aoge kwanza ndipo amsalimie.

Bangili ile haikunuka hivyo. Ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya beseni lililosogezwa karibu mno na jiko.

"Plastiki," Fundi akasema.

"Usinitanie, Fundi." Mwalimu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nimeinunua kwenye duka lile la vioo, mkabala na benki. Nimeambiwa ni pembe halisi, kazi ya marehemu mama yako. Ndiyo maana nikaileta kwako, mtoto wa mwenyewe."

"Plastiki ya kumiminwa, mwalimu. Na hii siyo shaba, ni rangi."

"Basi na zile alama za marehemu nazo ni rangi?"

"Alama zipi?"

Mwalimu akaigeuza bangili. Ukingoni, upande wa ndani, palikuwa na vishimo viwili vilivyokaribiana, vidogo kama punje za mtama. Fundi akavipapasa kwa kidole. Akavipapasa tena.

"Hizi siyo alama," akasema. "Ni meno."

"Meno ya nani?"

"Yangu."

Mwalimu akaitazama bangili, akamtazama Fundi mdomoni, akaurudisha mkono wake nyuma taratibu. "Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "una sabuni hapa?"

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, sogea nikupe habari kwa ufupi. Marehemu mama yake Fundi alikuwa bingwa wa pembe na shaba. Pembe huchemshwa mpaka ilainike, ikakunjwa ingali na moto wake kwa kipimo cha mkono wa mvaaji, kisha ncha zake zikafungwa kwa shaba. Ikishapoa, imepoa. Haikunjiki tena, haitanuki, wala jino haliingii.

Sasa siku moja, bangili ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye maji, bado ina uvuguvugu, mtoto anayeota meno akaidaka na kuing'ata. Mtoto huyo ndiye Fundi wetu. Marehemu angeweza kuvifuta vile vishimo kwa msasa, kazi ya kufumba na kufumbua. Hakuvifuta. Akaivaa mwenyewe maisha yake yote, ingawa ilimbana hata akawa anaipitisha kwa sabuni. Watu walimcheka, fundi gani huyu asiyejua kipimo cha mkono wake mwenyewe, naye alijibu, "Nimenenepa," na mazungumzo yakaishia hapo.

Alipofariki, alikuwa nayo mkononi. Wakati wa kuzikwa, mkono ulikuwa mtupu.

Nani alikuwa na maiti? Mama Mdogo, mdogo wake marehemu, aliyemwosha kwa mikono yake. Na nani alikuwa wa kwanza kusema "muulizeni aliyemwosha"? Mkwe wa nyumba, mume wa Fundi, ambaye mtaa mzima unamwita Marashi kwa namna anavyojipulizia. Mama Mdogo akafukuzwa msibani mbele ya watu, na hakujitetea kwa neno hata moja. Fundi alimwona anavyoondoka, akafunga mlango. Tangu hapo hajakanyaga kwake wala kumtumia salamu.

Haya, tuendelee, mwalimu ameshanawa mikono na anaomba kunawa tena.

Fundi hakuoga. Aliichomeka sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa, kama afanyavyo kila siku, akaenda hivyohivyo na vumbi la pembe nguoni. Mlangoni mwa duka la vioo watu wawili wakampisha haraka. Msidhani ni heshima.

Bangili zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, chini ya taa. Akachukua ya kwanza: meno mawili. Ya pili: meno mawili, palepale. Akaenda nazo mpaka mwisho wa rafu, na kila moja imeng'atwa, na aliyeing'ata ni yeye. Mdomo wake wa utotoni ulikuwa umepangwa pale unauzwa.

"Karibu, mama," binti wa duka akasema, akijitahidi kupumua kwa mdomo. "Hizo ni za yule bibi maarufu wa pembe. Alikuwa na kawaida yake. Akimaliza bangili anaing'ata, ndiyo baraka. Bila jino lake haitoki nje."

"Ulimwona aking'ata?"

"Hapana, tuliambiwa na anayetuletea."

"Naye ni nani?"

"Hatuwataji wanaotuletea, mama." Kisha binti akatabasamu, kwa sababu kimya si kazi rahisi kwa kila mtu. "Ila ananukia, huyo. Akiingia hapa asubuhi, mpaka jioni na sisi tunanukia."

Mtaani kule anayenukia mpaka jioni ni mmoja tu, na huwa analala naye kitanda kimoja.

Kabla hajajibu, mteja mmoja aliyevaa vizuri, mama wa makamo mwenye mkoba wa ngozi, akainua bangili mpaka mdomoni. Akayaweka meno yake kwenye vile vishimo, aone kama yataingia.

"Yangu makubwa," akasema, akacheka, akairudisha kwenye kitambaa ikiwa imelowa mate.

Rafiki yake akaichukua ileile, bila hata kuifuta, akaijaribu naye.

"Yangu kidogo yanaingia," akasema.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilikuwa kinatembezwa mdomo kwa mdomo. Mimi ninayewasimulia nilipofika hapa niliusukuma pembeni mkate wangu na sijaurudia. Fundi alitoka nje, akashika ukuta wa benki, akatapika mpaka mlinzi akaja kumwuliza kama ni mjamzito.

"Siyo mimba," akamjibu. "Ni ndoa."

Nyumbani kwa Fundi kipo chumba cha uani ambacho yeye haingii. Chumba cha marashi, mumewe alikiita hivyo. Humo, alisema, anachanganya manukato, na manukato hayapatani na mtu anayeshinda na kwato. Fundi alikubali. Alikuwa ameambiwa ananuka kwa muda mrefu hata akaanza kuomba radhi kwa kupita karibu na kikombe cha chai cha mumewe.

Leo alichukua koleo, akang'oa kitasa.

Harufu iliyotoka mle ndani ilimrudisha hatua nyuma. Ilikuwa harufu ya maua, ya udi, ya limau, zote zimemwagwa juu ya kitu kingine kikali kinachochoma macho, kama mtu aliyefukiza ubani juu ya choo kilichofurika. Ndoo zenye plastiki ya majimaji zilikuwa zimefunikwa kwa magunia. Nzi walikuwa wamezama humo na kugandia. Kwenye rafu zilipangwa kalibu, vile vyombo laini vya mpira ambavyo kitu kikimiminwa humo kinatoka na sura yake, na ndani ya kila kalibu bangili ilikuwa inaganda, meno yakiangalia juu.

Marashi alikuwa ameinama na mwiko mkononi, anakoroga.

"Umeingiaje humu na harufu hiyo?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Nyani haoni kundule.

"Bangili ya mama iko wapi?"

"Bangili ipi?"

"Yenye meno yangu."

"Meno?" Marashi akaacha kukoroga. Alishangaa kwelikweli, na hilo ndilo lililomchefua Fundi zaidi. "Yale ni meno? Mimi nilidhani ni alama za koleo. Vilikataa kufutika kwenye kalibu, vile vishimo, kila bangili inatoka navyo. Nikaona bora niwatungie hadithi, nikasema bibi alikuwa anang'ata." Akafikiri kidogo. "Kumbe hata sikudanganya sana."

Fundi alikuwa amemsimulia mumewe hadithi ya meno yale mara ngapi? Alimsimulia wakiwa wachumba. Alimsimulia mama alipougua. Mume wake alikuwa akiitikia "mm" huku anajipulizia shingoni.

"Ile bangili ilikuwa haitoki," Fundi akasema. "Hata yeye mwenyewe alikuwa anahangaika nayo. Wewe uliitoaje?"

Marashi akageukia ndoo yake.

"Nakuuliza, bwana. Uliitoaje?"

"Kwa sabuni."

"Sabuni gani?"

"Ya vyombo. Mama Mdogo alikuwa amekwenda kubadilisha maji, mlango haukufungwa. Nilifanya haraka haraka." Alisema hivyo kama mtu anayesifia adabu yake. "Mkono ulikuwa umeanza kukakamaa, ikabidi nivute. Kidole kikalia kidogo. Lakini alikuwa hasikii kitu, mke wangu. Hakuumia."

Mkwe huyo. Mkwe ambaye uhai wote wa yule mama hakuwahi kukaa naye mkeka mmoja, akimwona njiani anashuka kando na kuinama, watu wakasema mkwe wa namna hii hapatikani siku hizi. Alikwenda kuishika maiti yake, akampaka povu la masufuria, akamvunja kidole, akafuta mikono, akajipulizia, akatoka kupokea wageni.

"Halafu ukasema muulizeni aliyemwosha."

"Ilibidi aulizwe mtu."

"Mama Mdogo, damu moja na mama."

"Si alinyamaza? Angekuwa hana lake angesema." Akaweka mwiko chini, akavua glavu, akalainisha sauti. "Sikia, mke wangu, yaliyopita yamepita. Wenye duka wanakutaka. Wanafungua duka la pili, wanataka uje, ukae kwenye kiti kizuri, ung'ate mbili tatu mbele ya wateja. Mtoto wa bibi anaendeleza baraka. Utavaa vizuri, nitakunukiza mwenyewe. Na bangili ya mama yako nakurudishia leo leo."

Akaitoa mfukoni.

Kikulacho ki nguoni mwako, na kweli ilikuwa mfukoni mwa suruali ambayo Fundi mwenyewe hupiga pasi.

Fundi akaipokea. Akachomoa sindano kichwani, akaishika kwa koleo, akaiweka kwenye jiko dogo ambalo Marashi alikuwa akipashia plastiki yake. Ikaiva. Akaigusisha kwenye pembe, upande wa ndani, mahali pasipoonekana.

Ikanuka. Ikanuka nywele zilizoungua, ikanuka kwato, ikanuka karakana ya mama yake siku za kuchemsha. Marashi aliziba pua na kugeuza uso. Fundi aliivuta harufu ile mpaka ndani kabisa ya kifua, na machozi yakamtoka kwa furaha. Kwa miaka yote ya ndoa hiyo aliambiwa yeye ndiye mwenye uvundo.

"Kwa hiyo tumekubaliana?" Marashi akauliza nyuma ya leso.

Fundi akainua ndoo kubwa. Akaimwaga juu ya rafu ya kalibu, akamalizia kwenye kasha la chupa za manukato, na kilichobaki kikateremka chenyewe mpaka kwenye viatu vya ngozi vya mume wake, ambaye alikuwa bado hajaamini anachokiona.

"Usisogee," akamwambia. "Inaganda upesi. Wewe ndiye fundi wake, unajua."

Alimwacha amesimama hapo, na kama alifanikiwa kuvitoa viatu au alivitoka akiwa na soksi tu, hilo halinihusu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo.

Ilimbidi aulize njia, na hilo peke yake lilikuwa aibu ya kutosha, kuulizia nyumba ya mtu aliyekubeba mgongoni. Alielekezwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Mlango ulikuwa wazi. Mama Mdogo alikuwa ameketi kwenye gunia, amezungukwa na vifuu vya nazi, anasugua kipande kimoja kwa msasa kukifanya kifungo cha shati. Vumbi la kifuu lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba." Itikio lilimtoka kwa mazoea. Macho hayakuinuka.

Fundi akapiga magoti mlangoni, kwa sababu hakuambiwa karibu. Akaiweka bangili juu ya gunia, akasema yote. Mume, sabuni, kidole, duka, meno mdomoni mwa watu. Alipofika kwenye sabuni ya vyombo, msasa ukasimama. Alipofika kwenye kidole, Mama Mdogo aligeuza uso akatema mate nje ya mlango, kisha akaufuta mdomo kwa upande wa kanga.

"Pole, dada," akasema, lakini hakuwa anamwambia Fundi.

"Nimekuja kuomba radhi," Fundi akasema. "Hukuiba wewe."

"Kwamba sikuiba, nilijua. Hukuhitaji kuja kuniambia."

"Najua. Nimekuja kwa sababu nilikufungia mlango."

"Ulifunga, ndiyo. Na komeo ukatia. Nililisikia."

Upande wa pili wa ukuta cherehani ililia, ikanyamaza.

"Mama Mdogo, mbona hukujitetea? Neno moja tu ungesema. Wewe ndiye uliyemwosha, ungesema ulipotoka ilikuwepo na uliporudi haikuwepo."

"Ningeanza kusema juu ya bangili ile, ningesema mpaka mwisho." Alikwangua vumbi kwenye ukucha. "Na dada alikuwa bado hajafukiwa."

Fundi hakuelewa. Akaona ni hasira, na hasira ile ilikuwa haki. Akaisukuma bangili mbele kwa vidole viwili.

"Ichukue. Mimi siwezi kuivaa, nikiigusa naona mikono ya yule mtu. Na dukani kwao nitakwenda, nitasema mbele ya wateja wao kwamba hukuwa mwizi. Hii iwe yako. Itakubana tu kama ilivyombana mama, lakini ukitia sabuni kidogo..."

"Sabuni ya nini?"

Mama Mdogo akaiokota. Akaifuta kwa kanga, ndani na nje, taratibu, kila mahali Marashi alipopashika. Kisha akalaza kidole gumba ndani ya kiganja, akaipitisha.

Bangili ikapita kwenye vifundo vya vidole bila kuvutwa. Ikashuka, ikakaa kwenye kifundo cha mkono, ikabakiza nafasi ya kidole kimoja tu kupita chini yake.

Fundi aliiangalia ile nafasi ya kidole kimoja. Ndicho kipimo. Ndicho alichofundishwa na marehemu tangu anaanza kushika tupa: pembe hukunjwa kwa mkono mmoja tu, na mwingine wowote utahangaika nayo. Mtu hunenepa mashavu na kiuno. Vifundo vya vidole havinenepi. Alikuwa amewapima mamia ya watu mikono na hilo hakuwahi kujiuliza nyumbani kwake.

"Mama Mdogo," akasema. "Hii ilikunjwa kwa mkono wa nani?"

Mama Mdogo sasa akainua macho. Kinyaa kilikuwa kimemtoka usoni, na kilichobaki Fundi alikuwa hajawahi kukiona, au alikuwa akikiona kila siku akakiita kitu kingine.

"Meno ni yako, mwanangu, hapo hukukosea," akasema. "Dada alikuwa ndiyo kwanza ananifunga shaba, bado ina uvuguvugu mkononi mwangu. Uliliacha titi langu, ukaidaka."